Nyasi Zinapochanua, Tuyalinde Mapafu

Mvua za masika zinapokatika, kandokando ya njia na mashamba yetu hujaa nyasi ndefu zilizochanua. Wengi wetu hupiga chafya, macho yakawasha, na mambo yakaishia hapo. Lakini kwa mama mwenye pumu, au ambaye mapafu yake yameharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi, majira haya yanaweza kumfikisha hospitali. Na mara nyingi mama huyo hunyamaza, ili kazi za nyumbani zisisimame.

Kinachosumbua ni chavua, ule unga mwembamba wa maua. Tumezoea kuulaumu mjakaranda kwa sababu maua yake yanaonekana, kumbe chavua yake hubebwa zaidi na nyuki. Chavua ya nyasi hubebwa na upepo, nasi huivuta bila kuiona. Mirija ya mapafu ambayo tayari ni myembamba huvimba na kubana zaidi.

Tufanye nini, akina mama? Siku za jua na upepo, mgonjwa asifyeke nyasi wala kufagia uwanja. Shuka zake tusizianike nje siku hizo, maana chavua hunasa kwenye nguo. Jioni aoge, aoshe na nywele, abadili nguo kabla ya kulala.

Wengi hushauri madirisha yafungwe. Hapa tuwe waangalifu. Tufunge ya chumba cha kulala, lakini jikoni penye kuni au mkaa tuyaache wazi. Moshi huyaharibu mapafu, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua. Kazi ya kuwasha na kupuliza moto wapewe wengine nyumbani, hata baba.

Pampu ya kuvuta kila siku isiachwe kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu, wala vidonge vya mzio visichukue nafasi yake. Vidonge hivyo hutuliza chafya. Havifungui mirija iliyobana. Ni vema amwone daktari kabla majira hayajaanza.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au pampu ya dharura isipomsaidia, tusingoje kukuche. Apelekwe hospitali usiku huohuo.