Kutoka Hamilton 1930 hadi Glasgow 2026: Jinsi Mchezo wa Matufe Ulivyofungua Milango Yake katika Jumuiya ya Madola

Inapotajwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, fikra za wananchi wengi wa Afrika Mashariki huelekea kwenye riadha, na hasa katika mji wa Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, ambako Mtanzania Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 kwa kutumia dakika 3 na sekunde 32.2. Katika mji huohuo na katika mashindano hayohayo, David Bryant wa England alikuwa akitetea medali yake ya dhahabu katika mchezo ambao haujulikani sana katika ukanda huu: mchezo wa kuviringisha matufe kwenye uwanja wa nyasi.

Mchezo huo umekuwamo katika ratiba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mashindano ya kwanza kabisa mwaka 1930, na umekosekana mara moja tu, mwaka 1966. Kwa kuwa haujawahi kuwa mchezo wa Olimpiki, Michezo hii ndiyo jukwaa kubwa kuliko yote ambapo wachezaji wake hushindana bega kwa bega na wanariadha, mabondia na waogeleaji. Historia yake ya zaidi ya miaka 90 inaonesha pia nani aliruhusiwa kuingia uwanjani, nani aliachwa nje ya uzio, na jinsi uzio huo ulivyoondolewa hatua kwa hatua.

Namna unavyochezwa

Mchezo huu usichanganywe na ule wa kutupa tufe katika riadha. Hapa tufe halirushwi, bali huviringishwa taratibu kwenye uwanja wa nyasi fupi uliosawazishwa kwa uangalifu mkubwa. Kwanza huviringishwa tufe dogo la shabaha, na baada ya hapo wachezaji wa pande mbili hupokezana kuviringisha matufe yao makubwa, kila mmoja akijitahidi lake lisimame karibu zaidi na shabaha. Zamu hiyo inapokwisha, upande wenye tufe lililo karibu zaidi hupata alama, na kila tufe lake lililoikaribia shabaha kuliko tufe bora la mpinzani huhesabiwa alama moja.

Ugumu wa mchezo umo katika umbo la tufe lenyewe. Tufe halikuchongwa kuwa duara kamili; upande mmoja umeelemea, hivyo kadiri kasi inavyopungua ndivyo linavyozidi kupinda. Mchezaji halengi shabaha moja kwa moja, bali hulenga pembeni na kukisia mahali tufe litakapogeukia. Nguvu na mbio hazina nafasi kubwa. Kinachohitajika ni utulivu wa mkono, jicho la kupima umbali na subira. Mashindano huwa ya mchezaji mmoja mmoja, wawili wawili, watatu watatu au wanne wanne.

Mwanzo wa mashindano

Mchezo wa matufe ulichezwa nchini Uingereza kwa karne nyingi, lakini kanuni zake za kisasa ziliandikwa Glasgow, Scotland, mwishoni mwa miaka ya 1840 na mwanasheria William Mitchell. Kutoka huko ulisambaa pamoja na walowezi na watumishi wa dola ya Kiingereza hadi Australia, New Zealand, Kanada, kusini mwa Afrika na Kenya.

Agosti 1930, katika mji wa Hamilton nchini Kanada, yalifanyika mashindano ya kwanza, wakati huo yakiitwa Michezo ya Dola ya Uingereza. Timu 11 zilishiriki katika michezo sita, ukiwamo wa matufe. Katika mashindano haya England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hushindana kila moja kwa jina lake, na mwaka huo England ilitwaa dhahabu zote tatu za matufe: ya mchezaji mmoja, ya wawili na ya wanne. Washindani wote walikuwa wanaume.

Kivuli cha ubaguzi wa rangi

Mashindano ya pili, ya mwaka 1934, yalipangwa kufanyika Johannesburg, Afrika Kusini. Yalihamishiwa London kutokana na wasiwasi kuhusu namna wachezaji weusi na wenye asili ya Asia ambavyo wangetendewa huko. Hivyo, tangu mwanzo, suala la rangi lilikuwa sehemu ya historia ya Michezo hii.

Katika mchezo wa matufe suala hilo lilionekana wazi. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa mataifa yenye nguvu, ikitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja mwaka 1938 mjini Sydney na tena mwaka 1958 mjini Cardiff, huku Rhodesia ya Kusini ikiitwaa mwaka 1954 mjini Vancouver kupitia Ralph Hodges. Hata hivyo, viwanja vya matufe kusini mwa Afrika vilikuwa ndani ya klabu za Wazungu, na Waafrika walio wengi hawakuwa na nafasi ya kujiunga nazo. Mjini Cardiff, wananchi waliandamana kupinga Afrika Kusini kuleta timu iliyochaguliwa kwa misingi ya rangi. Mwaka 1961 nchi hiyo ilitoka katika Jumuiya ya Madola, na ikakaa nje ya Michezo hiyo hadi mwaka 1994.

Mwaka 1966 mashindano yalifanyika Kingston, Jamaika, na kwa mara ya kwanza mchezo wa matufe ukaondolewa katika ratiba. Mwaka huohuo mchezo huo ulipata mashindano yake wenyewe ya dunia, yaliyofanyika nchini Australia na kushindwa, kwa upande wa mchezaji mmoja mmoja, na David Bryant. Matufe yaliporejeshwa mjini Edinburgh mwaka 1970, Bryant, aliyekuwa bingwa tangu mwaka 1962, alitwaa dhahabu tena, kisha akafanya hivyo mwaka 1974 na 1978. Dhahabu nne za mchezaji mmoja mmoja zilimfanya kuwa jina kubwa kuliko yote katika historia ya mchezo huo.

Wanawake waingia, Zimbabwe yang'ara

Ilichukua miaka 52 kwa wanawake kuruhusiwa kushindana. Hatua hiyo ilifikiwa mwaka 1982 mjini Brisbane, Australia, kwa shindano moja tu la wanawake watatu watatu. Australia na New Zealand zilikuwa na maelfu ya wachezaji wanawake, lakini dhahabu ilikwenda Zimbabwe, iliyowakilishwa na Florence Kennedy, Anna Bates na Margaret Mills. Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu kabla, na hayo yalikuwa mashindano yake ya kwanza chini ya jina hilo. Kwa hiyo dhahabu ya kwanza kabisa ya wanawake katika mchezo huu ilikwenda Afrika.

Miaka minne baadaye mashindano yalirudi Edinburgh, na wanawake wakaongezewa nafasi. Lakini mataifa 32 kati ya 59 yaliyostahili kushiriki yaligoma, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Zimbabwe, kupinga msimamo wa Serikali ya Uingereza chini ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher wa kutovunja uhusiano na utawala wa makaburu. Mgomo huo uliwagharimu wachezaji wa michezo yote, wakiwamo wa matufe kutoka Afrika, ambao walisubiri hadi mwaka 1990 kupata nafasi nyingine. Serikali husika ziliona kuwa hasara hiyo ni ndogo kuliko kunyamazia ubaguzi.

Afrika Kusini iliporejea mwaka 1994 mjini Victoria, Kanada, ilikuwa miezi michache tu baada ya uchaguzi uliomwingiza madarakani Rais Nelson Mandela. Mwaka 1998 Roy Garden wa Zimbabwe alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa wanaume mjini Kuala Lumpur, na mwaka 2002 Bobby Donnelly wa Afrika Kusini akafanya hivyo mjini Manchester.

Mataifa mapya, mabingwa wapya

Mashindano ya Kuala Lumpur yalikuwa ya kwanza kufanyika Asia, na Malaysia haikuridhika na kuwa mwenyeji tu. Ilijenga viwanja na kuandaa wachezaji wake yenyewe. Matokeo yalionekana upesi: Siti Zalina Ahmad alishinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa wanawake mwaka 2002, na akaitetea mwaka 2006 mjini Melbourne, mbele ya mashabiki wa taifa lenye nguvu kubwa zaidi katika mchezo huo.

India ilifuata njia hiyo baada ya kuandaa mashindano ya Delhi mwaka 2010. Mwaka 2022, katika mashindano ya Birmingham, Lovely Choubey, Pinki, Nayanmoni Saikia na Rupa Rani Tirkey waliishinda Afrika Kusini kwa alama 17 kwa 10 katika fainali ya wanawake wanne. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya India katika mchezo huo, nayo ikawa ya dhahabu. Miongoni mwa washindi hao walikuwamo askari polisi, mwalimu wa elimu ya viungo na ofisa michezo wa wilaya, watu waliofanya mazoezi huku wakiendelea na majukumu yao ya kazi.

Visiwa vidogo pia vimepata nafasi. Mwaka 2018, mjini Gold Coast, Visiwa vya Cook vilipata medali ya shaba ya wanaume wawili wawili, ikiwa ni medali ya kwanza ya visiwa hivyo katika historia yote ya Michezo hii. Katika mashindano hayohayo, Kisiwa cha Norfolk, chenye wakazi takribani 2,000, kilipata shaba ya wanaume watatu.

Ulemavu na umri si kikwazo

Mwaka 2002 mjini Manchester, kwa mara ya kwanza, medali za wachezaji wenye ulemavu zilijumlishwa katika jedwali rasmi la medali za mataifa, na matufe yalikuwa miongoni mwa michezo iliyohusika. Kwa wachezaji wenye uoni hafifu, kila mmoja huwa na mwelekezaji ambaye humweleza shabaha ilipo, umbali wake na mahali tufe liliposimama. Mwelekezaji ni sehemu ya timu, naye hupewa medali.

Kwa utaratibu huo, mwaka 2022 George Miller wa Scotland, akiwa mwelekezaji mwenye umri wa miaka 75, aliweka rekodi ya kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kutwaa dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Rekodi aliyoivunja ilikuwa na siku chache tu, nayo iliwekwa katika mashindano hayohayo ya matufe na Mskoti mwenzake, Rosemary Lenton, aliyeshinda akiwa na miaka 72.

Glasgow 2026 na nafasi ya Afrika Mashariki

Baada ya jimbo la Victoria nchini Australia kujiondoa mwaka 2023 kwa sababu za gharama, mashindano ya mwaka 2026 yalipangiwa Glasgow kuanzia tarehe 23 Julai hadi 2 Agosti, yakiwa na michezo 10 tu. Mpira wa magongo, badmintoni, mieleka na raga ni miongoni mwa michezo iliyoondolewa. Matufe yalibakizwa, pamoja na mashindano ya wachezaji wenye ulemavu, ila kwa mara ya kwanza yalipangwa kuchezwa ndani ya ukumbi kwenye zulia badala ya nyasi. Hivyo mchezo ulioandikiwa kanuni Glasgow unarudi huko ukiwa na sura mpya.

Mabadiliko hayo yana uzito kwa mataifa yasiyo na viwanja vya nyasi. Kutunza uwanja wa nyasi wa kiwango cha kimataifa kunahitaji maji mengi, mashine maalumu na wataalamu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mchezo kubaki ndani ya klabu chache. Zulia hutandikwa katika ukumbi wowote ulio tambarare na wenye urefu wa kutosha, ukiwamo wa shule au chuo.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi ya mchezo huu, ulioanzia katika klabu za enzi za ukoloni, nayo imewahi kupeleka wachezaji wake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bado hakuna jina la kutoka ukanda huu katika orodha ya mabingwa iliyoelezwa hapa. Malaysia ilianza kwa kujenga viwanja, na ndani ya miaka minne tangu iwe mwenyeji ikapata bingwa. India ilisubiri miaka 12. Kila inapotangazwa orodha ya michezo ambayo nchi itashiriki, wananchi wana sababu ya kuangalia pia michezo isiyotajwa sana, kwa kuwa ndiyo iliyovipa visiwa vidogo, watu wenye ulemavu na mzee wa miaka 75 nafasi ya kusimama jukwaani.