Bilioni Mia Tatu: Namba Moja au Mbili?

Katika komuni ya Kamalondo, jijini Lubumbashi, lugha ya maongezi ya kila siku ni Kiswahili. Lakini bei, tarehe na hesabu kubwa hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa. Mazoea hayo hayaleti utata namba inapokuwa ndogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika namba kubwa yanaweza kubadili thamani yenyewe. Mfano unapatikana katika historia ya sarafu ya nchi.

Mwaka 1967 zaire 1 ilichukua mahali pa faranga 1,000 za Kongo. Baada ya miaka ya mfumuko wa bei, ambapo hata noti ya zaire 5,000,000 ilichapishwa (1992), zaire mpya 1 ilifanywa sawa na zaire 3,000,000 za zamani mwezi Oktoba 1993. Juni 1998 faranga ya Kongo ilirejea, ikiwa sawa na zaire mpya 100,000. Hivyo basi, tukizidisha viwango rasmi viwili vya mwisho, faranga 1 ya 1998 ni zaire za zamani 300,000,000,000. Tukizidisha vyote vitatu, ni faranga 300,000,000,000,000 za kabla ya zaire.

Kihisabati namba hizi mbili ni ndugu. Ya kwanza ni 3 × 10¹¹, yaani 2¹¹ × 3 × 5¹¹, nayo ina vigawo 12 × 2 × 12 = 288. Ya pili ni 3 × 10¹⁴, yaani 2¹⁴ × 3 × 5¹⁴, yenye vigawo 450. Jumla ya tarakimu za kila moja ni 3. Kwa hiyo zote hugawanyika kwa 3, wala hazigawanyiki kwa 9. Kinachozitenga ni sufuri tatu tu.

Utata huanza katika majina. Dar es Salaam na Nairobi, bilioni ni 10⁹ na trilioni ni 10¹². Kwa Kifaransa, 10⁹ ni miliari, na bilioni ni 10¹². Kwa sababu hiyo, msomaji wa Dar es Salaam huiita namba ya kwanza "bilioni mia tatu", ilhali aliyesoma hesabu kwa Kifaransa huliweka jina hilohilo juu ya namba ya pili. Tofauti ni mara 1,000: sawasawa na kiwango cha 1967.

Mfasiri wa bajeti au mkataba anayenakili neno "bilioni" kutoka upande mmoja hadi mwingine huwa ameiacha sauti na kupoteza kiasi. Milioni haina utata, kwani pande zote mbili ni 10⁶. Inafaa basi namba ya kwanza isemwe "milioni mara elfu mia tatu", ya pili "milioni mara milioni mia tatu", na katika maandishi tarakimu ziandamane na maneno.