Mpango wa Kulipa Madeni na Fedha Isiyo Halali

Mkazi aliyeelemewa na madeni anaweza, chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, kuwapendekezea wadai wake mpango wa kulipa sehemu ya deni au kulipa kwa awamu. Mpango huo huwafunga wadai pale tu walio wengi wanapoukubali na Mahakama kuuidhinisha.

Mdeni hutakiwa kwanza kutoa, kwa kiapo, taarifa ya mali na madeni yake yote. Hapo ndipo ugumu humkuta yule ambaye, biashara yake ilipodorora, alijikimu kwa kupika gongo au kusafirisha mkaa bila kibali. Akiitaja fedha hiyo, amejifichua. Akiificha, ametenda kosa jingine, na mpango uliopatikana kwa udanganyifu waweza kutenguliwa, madeni yakamrudia.

Wako wanaodhani kwamba njia ya tatu ni kuahidi awamu kubwa na kunyamaza kuhusu chanzo chake. Njia hiyo haipo. Mali itokanayo na uhalifu yaweza kutaifishwa, mhusika akitiwa hatiani, kwa mujibu wa Sura ya 256 ya sheria za nchi. Na mdai anayeipokea akijua ilikotoka hujiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa utakatishaji fedha. Awamu, basi, zikadiriwe kwa kipato halali pekee, hata kikiwa kidogo.

Mwenye hali hiyo amwone wakili kabla hajaapa. Asiyemudu gharama aulizie watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.