Mfuko wa kulalia wa kijana aendaye Horombo

Usiku wa pili wa safari ya mwaka jana, yapata saa nane, mmoja wa vijana wetu wa madrasa aliketi kitandani katika kibanda cha Horombo akitetemeka hata meno yakagongana. Mfuko wake wa kulalia ulikuwa mpya, na juu ya ganda lake paliandikwa kwa tarakimu kubwa: nyuzijoto 10 chini ya sifuri. Kipimajoto cha mwongoza watalii wetu kilionyesha nyuzijoto 2 juu ya sifuri. Kwa hesabu ya maandishi yale, kijana huyo alipaswa kulala kama aliyeko kwao Tanga.

Tulimvisha makoti mawili, tukamnywesha chai ya moto, na mwalimu mmoja akamwachia mfuko wake mwenyewe. Kulipokucha akateremshwa Mandara. Alhamdulillah, alirejea nyumbani salama. Lakini mama yake alipotujia ofisini alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: “Ustadhi, si nyinyi mlioniambia ninunue huu?”

Ni kweli, sisi ndio tuliomwambia. Na kwa kuwa mwezi wa sita vijana wataondoka tena inshallah, na wazazi wameanza kuuliza, tumeona ni haki yao tueleze tulipokosea.

Kosa lilikuwa katika namba. Mfuko uliopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya cha EN 13537, haubebi namba moja bali kadhaa, nazo huwa ndani, kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa karibu na zipu. Ya kwanza ni ya raha: baridi ambayo mwanamke wa wastani aweza kulala nayo akiwa amejinyoosha, wala asisumbuke. Ya pili ni ya mpaka: hapo mwanamume wa wastani hulala, ila kwa kujikunja. Ya tatu ni ya hatari, na hiyo si ya kulala kabisa. Maana yake ni kwamba mtu atausubiri mchana akiwa hai, huku mwili wake ukiwa katika hatari ya kupoa kupita kiasi. Muuzaji apendaye kuuza haraka huiandika hiyo ya tatu kwa nje. Tulipousoma mfuko wa kijana wetu kwa ndani, baada ya yote kupita, tulikuta raha yake ni nyuzijoto 8 juu ya sifuri.

Basi mzazi asome namba ya raha peke yake. Hili ni muhimu zaidi kwa mabinti, kwa kuwa wanawake kwa kawaida huhisi baridi usingizini mapema kuliko wanaume. Lakini kwa watoto wa pwani hatuoni sababu ya kuwatenga wavulana.

Namba ipi itoshe? Mandara ipo mita 2,720 juu ya usawa wa bahari na Horombo mita 3,720. Kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 6 hivi. Usiku ambao Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushei, wana nyuzijoto 18, Horombo huwa inakaribia sifuri, na mwezi wa sita ni wa baridi. Vibanda vina magodoro, lakini havina moto. Sisi tunasema raha ya nyuzijoto 5 chini ya sifuri, na tusibishane.

Kuhusu kilichomo ndani, ipo mifuko ya manyoya laini ya bata na ipo ya nyuzi za viwandani. Ya manyoya ni myepesi, hujikunja ikawa midogo, na hudumu miaka mingi. Lakini ikilowa hulala chini kama kuku aliyenyeshewa, na joto lake huisha. Mandara imo msituni, na mvua ya huko haina ahadi na mtu. Ya nyuzi ni mizito na minene, ila ikipata unyevu haipotezi joto lote, hukauka upesi, na bei yake ni nafuu. Tena ikiingiwa na najisi huoshwa bila taabu. Kwa kijana wa madrasa, nyuzi zinatosha.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mfuko hautengenezi joto. Hulinda tu lile la mwili. Ndiyo maana mfuko mpana mno ni baridi: mwili wa mtoto unalazimika kupasha moto nafasi tupu. Atakayeazima mfuko wa baba yake aukunje upande wa miguuni na kuufunga kwa kamba. Ale ashibe kabla ya kulala, avue nguo zenye jasho, na nguo za alfajiri aziweke humo humo ndani, maana anayeamka kutawadha kwa maji ya Horombo asikutane na shati lililoganda.

Si lazima kununua mpya. Soko la Memorial pale Moshi lina mitumba, na wapo wanaokodisha. Mtumba ukunjue, uache dakika kumi, utazame kama umevimba. Uinue kwenye mwanga: palipo pepesi, baridi itapita hapo. Upapase kama una mabonge, unuse kama una ukungu, kisha ingia ndani ufunge zipu ukiwa umefumba macho, kwani usiku hutaiona. Wa kukodi utiliwe shuka jepesi lililoshonwa kama mfuko. Fundi yeyote wa mtaani hulimaliza kwa muda mfupi, na huongeza joto kidogo pia.

Kamati imekubaliana kununua mifuko sita kwa ajili ya vijana ambao wazazi wao hawana uwezo, nayo itabaki kuwa mali ya msikiti. Itatundikwa ghalani ikiwa wazi, haitabanwa katika vifuko vyake, kwa sababu mfuko uliobanwa mwaka mzima hausimami tena. Mingine yote tutaikagua Jumamosi baada ya Alasiri.

Mama yule wa mwaka jana amemruhusu mwanawe aende tena. Juzi alikuja na mfuko wa mtumba mkononi, akaugeuza ndani nje na kutuonyesha kile kitambaa kabla hatujafungua kinywa. Raha, nyuzijoto 6 chini ya sifuri. Zipu ndiyo iliyokuwa ikikwama, na tumempeleka kwa fundi.