Safari Ndefu Bila Kuinuka Kitini: Ufafanuzi Kuhusu Urubani wa Kuigiza

Utangulizi

Neno rubani lina umri mkubwa kuliko ndege yenyewe. Kabla ya chombo chochote kupaa angani, wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki walimwita rubani yule aliyeijua bahari, akakiongoza chombo kisipande mwamba. Ndege zilipokuja, neno hilo lilipaa pamoja nazo. Katika zama hizi limeingia hata sebuleni: mtu huketi mbele ya tarakilishi, akashika usukani wa plastiki, akarusha ndege kutoka bara moja hadi jingine. Makala haya yananuia kufafanua jinsi safari ndefu ya aina hiyo inavyofanywa, inamfunza mtu nini, na mipaka yake iko wapi. Mfano utakaotumiwa ni safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, ambayo Shirika la Ndege la Kenya liliizindua tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8.

Chimbuko la urubani wa kuigiza

Kinyume na inavyodhaniwa, urubani wa kuigiza haukuanza kama mchezo. Mwaka wa 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye familia yake ilitengeneza vinanda, alibuni kichumba kidogo chenye mabawa mafupi kilichoyumbishwa kwa mivukuto kama ile ya kinanda. Mwanzoni wengi walikiona kuwa kitu cha maonyesho tu. Mwaka wa 1934, marubani wa jeshi la Marekani waliopewa kazi ya kusafirisha barua walipofariki kwa kuruka katika hali mbaya ya hewa bila ujuzi wa kutegemea vipimo, jeshi hilo lilikinunua chombo cha Link. Kwa hivyo mwigo huu ulithaminiwa kwa kuwa uliokoa roho za watu.

Tarakilishi za nyumbani zilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970, Bruce Artwick aliandika programu ya urubani kwa ajili ya tarakilishi ya Apple II. Kazi yake ndiyo iliyozaa Microsoft Flight Simulator, iliyotolewa mwaka wa 1982. Toleo la mwaka wa 2020 linaichora dunia nzima kwa kutumia picha za setilaiti na kupokea hali halisi ya hewa kupitia mtandao. Zipo pia X-Plane, na FlightGear ambayo hutolewa bila malipo.

Maandalizi: uzito, mafuta na hewa

Anayeanza hudhani kwamba kurusha ndege ni kushika usukani. Safari ndefu humwonyesha mapema kwamba sehemu kubwa ya urubani ni hesabu. Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800, na safari huchukua saa 15 hivi. Injini mbili za ndege hii hutumia takriban tani 5 za mafuta kwa saa. Ni sharti basi ibebe zaidi ya tani 75, bila kuhesabu akiba ya kuzunguka angani au kuelekea uwanja mwingine iwapo wa kwanza utafungwa. Ndege yenyewe hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi tani 228 hivi. Yaani thuluthi moja au zaidi ya uzito huo ni mafuta tu.

Hapo linazuka tatizo la pili. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Mabawa hupata cha kuegemea kidogo na injini hupungukiwa na nguvu. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hili mwenyewe kwa kuipakia ndege mzigo uleule, akairusha adhuhuri na kisha saa tano usiku. Mchana ndege itakimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Ataelewa kwa nini ubaridi wa usiku ni rafiki wa safari ndefu za kutoka nyanda za juu.

Njia: mstari mnyofu usio mnyofu

Akiichukua ramani ya ukutani na kuchora mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari huo utatoka barani Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Programu haitamchorea njia hiyo. Itampitisha Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, Algeria na Morocco, kisha juu ya visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki. Njia hiyo huonekana kama upinde, ilhali ndiyo fupi zaidi, kwa sababu dunia ni tufe na ramani ya ukutani ni bapa. Anayeshuku na achukue uzi, aunyooshe juu ya tufe la darasani.

Visiwa vya Azores navyo vina maana yake. Ndege yenye injini mbili haiachwi ivuke bahari popote inapotaka. Lazima iwe ndani ya muda maalum wa kuufikia uwanja wa dharura. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege ya Air Transat iliyovujisha mafuta ilizimika injini zote mbili juu ya Atlantiki, ikaelea kwa mabawa hadi uwanja wa Lajes visiwani humo. Watu wote 306 waliokuwemo walinusurika.

Upepo vilevile una kauli yake. Katika latitudo za kati, pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo sababu safari ya kurudi Nairobi ni fupi kwa saa moja hivi kuliko ya kwenda. Manahodha wa majahazi waliosubiri kaskazi ili waje na kusi ili warudi wasingelishangaa jambo hili.

Muda na kishawishi cha kuuruka

Baada ya ndege kutulia juu, mtambo wa kujiendesha huchukua usukani. Yanayobaki ni kukagua mafuta katika kila kituo cha njia, kulinganisha upepo uliotabiriwa na uliopo, na kupanda juu zaidi kadiri ndege inavyopungua uzito. Aliyeondoka usiku wa manane huku akilikimbia jua kuelekea magharibi atakaa gizani karibu safari nzima.

Programu nyingi zina kitufe cha kuharakisha muda mara nne au zaidi. Wengi hukibonyeza, na hapo ndipo mwigo unapopoteza maana. Kosa dogo la mafuta lililofanywa Nairobi huhitaji saa nyingi ili lijitokeze. Uamuzi wa kuendelea au kugeuka hufanywa na akili iliyochoka. Anayeziruka saa hizo huwa ameigiza kuruka na kutua tu, wala hajaigiza safari.

Mipaka ya mwigo

Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu mjadala huu. Plato aliushuku mwigo kuwa hutuweka mbali na ukweli. Aristotle akasema binadamu hujifunza kwa kuiga. Urubani wa kuigiza unawapa wote wawili haki. Unafunza sababu na utaratibu, lakini hauupi mwili mtikisiko wala moyo hofu. Ndege ikianguka, mtu huanza upya. Aidha, anga ya programu haina siasa. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga yake ilifungiwa ndege za abiria, na mashirika yakalazimika kuzunguka. Kwenye tarakilishi mtu hupita juu ya Darfur bila kujua kama chini kuna watu wanaokimbia.

Hitimisho

Imebainika kuwa safari ndefu ya kuigiza ni zoezi la hesabu, jiografia na subira. Kijana anayetamani urubani lakini hana karo ya chuo asiudharau, kwani atafika darasani akiwa anajua mengi. Hata hivyo, asijidanganye: saa za sebuleni haziandikwi katika daftari la rubani, na leseni hutafutwa katika ndege halisi, chini ya mwalimu. Mwenye kutaka kuanza na aanze na safari fupi, kama ya Nairobi hadi Mombasa, apige hesabu za mafuta kwa mkono wake, na auache muda uende kwa mwendo wake.