WENYE USONJI WANASTAHILI ALAMA YA HESHIMA

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini mtoto wa mtu si fumbo, na hilo ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Kwa miaka mingi hali iitwayo usonji imewakilishwa na picha ya kipande kimoja cha ule mchezo wa kuunganisha picha iliyokatwakatwa. Kipande hicho huonekana kwenye fulana na mabango, hasa tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 ili ulimwengu uelimishwe juu ya hali hii.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si jini, wala si adhabu kwa wazazi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huanza utotoni. Wako wasiosema kabisa, na wako wasemao sana. Wengi huudhiwa na kelele, mwanga mkali au mabadiliko ya ghafla. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na hali hii.

ASILI YA KIPANDE

Alama hiyo ilichorwa mwaka 1963 na Gerald Gasson, mjumbe wa kamati ya chama kilichoundwa na wazazi huko London. Ndani ya kipande palikuwa na sura ya mtoto akilia. Nia yao haikuwa mbaya; walitaka kusema kwamba hali hii inawatatiza. Lakini wenye usonji walipokua na kujisemea wenyewe, waliuliza: kwani sisi tumepungukiwa na nini? Mwaka 2018 hata jarida la kitaalamu liitwalo Autism lilikiondoa kipande hicho katika jalada lake, baada ya utafiti kuonyesha kwamba watu wakikiona hufikiria kitu kisichokamilika.

Wenye usonji wenyewe walileta alama nyingine. Tangu mwaka 2005, kila tarehe 18 Juni, wako wanaoadhimisha siku yao, na alama yao ni kama nane iliyolazwa ubavu, isiyo na mwanzo wala mwisho, yenye rangi za upinde wa mvua. Wengine huitia rangi ya dhahabu. Kisha mwaka 2016, katika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianzishwa mkanda wa shingoni wenye maua ya alizeti, ili anayetaka auvae na wahudumu wajue kwamba ana ulemavu usioonekana kwa macho.

KIBERA NA KAWANGWARE

Nilizichora alama hizo tatu karatasini nikaenda nazo Nairobi. Nilianzia Makina, ndani ya Kibera, mahali ambapo Mpwani hajioni mgeni: misikiti ipo, na Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa KAR, wamekaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mama mmoja muuza mandazi, mwenye mtoto wa miaka tisa asiyesema, alikitazama kile kipande akaniambia, "Ndugu yangu, huyu wangu Mungu amemleta mzima. Kipande ni cha sahani iliyovunjika." Upinde wa mvua nao aliukataa. Rangi zile majirani wangezipa maana nyingine, alisema, na maneno ya mlangoni pake yalikuwa yamemtosha.

Lakini alama aliitaka. Mtoto wake hutoroka, na mtoto asiyesema akipotea katika vichochoro vile hawezi kueleza kwao ni wapi. Akigusa kitu cha mtu dukani, kelele za "mwizi" huanza kabla ya swali.

Kutoka hapo nilivuka Barabara ya Ngong hadi Kawangware, kwa fundi wa cherehani ambaye mdogo wake, kijana mwenye usonji, humpangia vifungo na nyuzi. Dada huyo alikuwa na hofu. "Ukimtia alama kifuani," alisema, "mmoja atamsaidia na mwingine atamfuata akimcheka." Nikamwuliza kijana mwenyewe, maana jambo ni lake. Alizitazama zote kwa muda mrefu, akauliza: "Nikivaa hii, watu watajua jina langu?"

JINA KWANZA

Swali hilo watu wa pwani tunalielewa. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina; na mwenye kuivaa ndiye achaguaye jina. Basi kwa maoni yangu, kinachofaa ni kadi ndogo. Upande mmoja pawe na jina la mwenyewe, nambari ya simu ya jamaa yake, na maneno machache kama "Nipe muda, usinipigie kelele." Upande wa pili pawe na alama aliyoichagua mwenyewe, au aliyesaidiwa na wazazi kuichagua kama hawezi kusema. Akitaka aivae, akitaka aiweke mfukoni.

Hili si jambo la Nairobi peke yake. Mombasa, Lamu na Unguja tunao, na bado tunawaita mazezeta na mataahira, ilhali Sura al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kupeana majina mabaya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdunisha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa madrasa, maimamu na wenye vyama: tarehe 2 Aprili itakapofika, kabla ya kuagiza fulana, waiteni wenye usonji na wazazi wao mkae nao kitako. Waulizeni wanataka kuchorwa vipi, na kwanza kabisa, wanaitwa nani.