Kuhema njiani si uchovu wa safari tu

NESITU, Juba

Malori yanayotoka Uganda na Kenya hupita Nesitu yakikaribia mwisho wa barabara ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba. Mfanyabiashara akishuka na kuhema kabla hajafika kibanda cha chai, husema ni uchovu. Miguu ikivimba, husema ni kukaa sana garini. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine ni moyo ulioelemewa.

Moyo una pande mbili. Wa kushoto husukuma damu mwilini kote, hivyo ukuta wake ni mnene. Wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu pekee, ambako kwa kawaida shinikizo la wastani ni kama 14 tu, wakati mkononi mtu mzima husomewa 120 kwa 80. Kwa kazi hiyo nyepesi, ukuta wake ni mwembamba. Shinikizo la mapafu likizidi 20, wataalamu huhesabu kuwa limepanda.

Hapo upande wa kulia hufanya kama mchukuzi aliyeongezewa gunia: hujenga misuli. Ukuta hunenepa, damu huendelea kupita, na mtu huweza kukaa miezi au hata miaka bila kuhisi tofauti kubwa. Lakini msuli mnene hudai oksijeni zaidi. Isipotosha, chumba hutanuka, vali huanza kuvuja na damu hurudi nyuma. Ndipo miguu, ini na tumbo huvimba. Upande wa kulia uliotanuka huubana wa kushoto, na mtu huweza kuzirai akipanda ngazi au akibeba mzigo.

Utafiti wa PAPUCO, uliofuatilia wagonjwa katika nchi nne za Afrika, ulionyesha kuwa karibu 7 kati ya 10 walianzia kwenye ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo, ambao mara nyingi huletwa na presha ya kawaida isiyotibiwa. Vyanzo vingine ni makovu ya kifua kikuu, kichocho, VVU, moshi wa miaka mingi, na damu iliyoganda miguuni ikapanda hadi mapafuni.

Kipimo cha presha cha mkononi hakionyeshi shinikizo la mapafu. Kinachoanza kulionyesha ni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala, hufanya kipimo hicho, na wengi wa wasafiri wa barabara hii hufika mji huo kufuata bidhaa.

Habari njema ni kwamba mzigo ukipunguzwa mapema, msuli ulionenepa huweza kurudi karibu na hali yake. Anayehema kuliko mwaka jana kwa kazi ileile asingoje safari ijayo.